Deni la televisheni

Nyakato, Mwanza
Jumapili usiku

Mama Kulwa mpendwa,

Ujumbe wako nimeupata, na nimefurahi kusikia mapacha wamepona. Umeniuliza kama ununue Canter uanze na wewe kuhamisha watu vyombo. Tutafika huko. Kwanza kaa nikueleze jambo ambalo laiti ningeambiwa mimi kabla sijanunua gari la kwanza: kazi hii ya kuhamisha watu vyombo inaweza kukufanya uwe na mtumwa bila kujua. Neno hilo nimeliandika kwa makusudi, kwa sababu yamenikuta.

Unaijua Mwanza yetu. Nyumba zimepanda juu ya mawe, gari linaishia barabarani, friji inapanda mgongoni mwa mtu. Mwanzoni sikuwa na makuli wangu. Nilikuwa nampigia simu nyapara mmoja, analeta vijana sita au saba, jioni namhesabia yeye hela yote, naye anaondoka nao. Nikajiona nimepata unafuu: sina mikataba, sina mishahara ya kuwaza.

Siku moja tulihamisha familia kutoka Capri Point kwenda Buhongwa. Kulikuwa na kijana wa Ukerewe, mpole, begani ana kidonda cha kamba. Mwenye nyumba aliridhika na kazi yake, akampa noti ya elfu kumi. Kijana hakuikunja. Aliishika vilevile, akavuka uwanja, akaiweka kwenye kiganja cha nyapara, akarudi kubeba meza. Hakuitwa wala hakuagizwa. Mama Kulwa, usiku ule sikulala.

Ilichukua siku kadhaa hadi akafunguka. Miezi mitano nyuma, kwenye kazi yangu mimi, televisheni ilipasuka. Hela yake nilimkata nyapara kwenye malipo, nikasahau. Yeye akaliandika deni lote kwenye daftari kwa jina la kijana, akajumlisha nauli ya kumtoa kisiwani, akajumlisha ugali na mahali pa kulala, na kila wiki deni linapanda badala ya kushuka. Kitambulisho cha NIDA anacho nyapara, eti kisipotee. Hakuna aliyemfunga mlango. Lakini angekwenda wapi, bila kitambulisho, bila nauli, na kaambiwa akitoroka deni litafuatwa kwa mama yake?

Baadaye mteja mmoja mwenye makao Uingereza alinitumia fomu ndefu ya kujaza. Kule wana Sheria ya Utumwa Mamboleo ya 2015. Kampuni yenye mauzo ya pauni milioni 36 kwenda juu inatakiwa kila mwaka itoe taarifa ya hatua ilizochukua dhidi ya utumwa, ndani yake na kwa wanaoihudumia. Ndiyo maana maswali yanatufikia hata sisi wa Canter mbili. Nikaanza kusoma, nikakuta Shirika la Kazi Duniani limetaja viashiria 11 vya kazi ya kulazimishwa. Nikahesabu kwa vidole: kudanganywa, kutishwa, kuzuiliwa nyaraka, kunyimwa ujira, kufungwa na deni. Vitano, kwa kijana mmoja, juu ya gari langu. Wapo wanaoweka vema kila mahali kwenye fomu hiyo na kuirudisha. Nakuomba usiwe mmoja wao.

Wala si mambo ya Uingereza tu. Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza kazi ya kulazimishwa, na kifungu cha 28 kinagusa kabisa biashara yetu. Kitu kikivunjika huwezi kukata tu mshahara. Lazima kosa liwe la huyo mfanyakazi, umweleze chanzo na kiasi, apewe nafasi ya kupinga, na makato yasizidi robo ya ujira wake. Mimi siku hizi kila kazi natenga elfu kumi ya vitu vitakavyovunjika, na tunapiga picha kila chombo kabla hakijapakiwa. Kioo kikipasuka, nalipa kutoka humo.

Malipo namtumia kila mtu kwenye simu yake, na hapa fungua macho. Kabla hujathibitisha, soma jina linalotokea. Wiki ya kwanza ya kulipa hivyo niliandika namba tatu za vijana watatu, na zote zikaleta jina lile lile. La nyapara. Nikasimamisha kazi, tukaongozana na mwenyekiti wa mtaa hadi kwa nyapara, vitambulisho vikatoka jioni ileile. Yaliyobaki niliyapeleka kwa afisa kazi. Kijana wa Ukerewe aliomba kwenda kwao. Nilimpa haki yake yote, sikumwomba arudi. Baada ya wiki tatu nilimkuta getini na begi, na sasa ni utingo wangu kwa mkataba.

Usiishie kwa makuli. Nilikuwa nanunua kreti za mbao bila kufika karakana, na nilipofika nikamkuta mtoto wa kama miaka 12 anapiga randa, kifua kimejaa vumbi. Nilitaka kuvunja biashara palepale. Nashukuru nilisita, maana mtoto angefukuzwa tu akaangukia pabaya zaidi. Nilipiga 116, namba ya huduma kwa mtoto, na ofisa wa ustawi wa jamii akaishika kesi. Yuko shuleni. Kreti bado nachukua palepale, ila naenda bila taarifa.

Na mteja akikushusha bei mpaka hesabu haitoshi, kataa. Nimekosa kazi mbili mwezi huu kwa sababu hiyo, na inauma, lakini najua ile tofauti ingetoka kwenye mgongo wa nani.

Canter usinunue kabla sijakutafutia fundi wa kuikagua. Kwa sasa kodi gari la yule mwenye Fuso uliyemtaja hapo Bukoba. Ila kabla hamjakubaliana, mvute utingo wake pembeni, umuulize analala wapi na kitambulisho chake kiko kwa nani, halafu unipigie.

Wako,
Mama Neema