Jibu nililompa mwanafunzi wangu halikuwa sahihi

Mhariri,

Assalaam alaykum. Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nimsahihishie jibu mwanafunzi wangu mmoja. Nilimpa jibu la kosa mwaka 1994, na leo sijui kama yuko Wete, Unguja au Muscat.

Nilikuwa nikisomesha kemia kidato cha tatu, skuli moja ya huku Pemba. Siku hiyo tulipima kasi ya mmenyuko, yaani wepesi wa vitu kugeuka kuwa vitu vingine, kwa njia anayoijua kila aliyepita maabara: unachora msalaba kwenye karatasi, unaweka juu yake bika yenye thaiosalfeti ya sodiamu, unamimina asidi, unabonyeza saa. Salfa inaanza kutanda kama ukungu, msalaba unafifia, ukipotea unabonyeza tena. Sekunde 40. Ukizimua kwa maji, sekunde 70. Watoto walifurahi sana. Kisha mmoja, msichana aliyekuwa na vidole vyeusi kwa kuchambua karafuu usiku uliopita, akanyanyua mkono: "Mwalimu, na ule unaokwisha kabla mtu hajawahi kubonyeza saa, unapimwaje?"

Nikamwambia, "Huo haupimiki." Akaandika kwenye daftari lake.

Nilipostaafu ndipo nilipopata wasaa wa kusoma, nikagundua kwamba siku ile nilipomjibu, jambo hilo lilikuwa limeshaanza kupimwa tangu 1949. Ronald Norrish na George Porter, huko Uingereza, waliivunja gesi kwa mmweko mkali wa taa, kisha wakapiga mmweko wa pili kuangalia kilichomo. Porter alikuwa afisa wa rada katika jeshi la majini wakati wa vita, na rada ndiyo kazi yake hiyo: unatuma mpigo mfupi, unasubiri, unasikiliza. Wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1967 pamoja na Mjerumani Manfred Eigen. Leza ya kwanza ilipowashwa mwaka 1960 njia ikafunguka ya mimweko mifupi zaidi na zaidi, hadi Ahmed Zewail, Mmisri mzaliwa wa Damanhur, akatunukiwa Nobel mwaka 1999 kwa kuufuatilia mmenyuko kwa femtosekunde. Chukua sekunde moja, igawe vipande milioni, kisha kila kipande kigawe tena mara bilioni. Mwafrika huyu wanafunzi wetu wangemjua mapema.

Sasa nieleze kama nilivyopaswa kueleza siku ile. Miongoni mwa mimenyuko ya upesi hivyo ni ile ya radikali. Radikali ni kipande cha molekuli chenye elektroni isiyo na mwenzake, kwa hiyo hakitulii. Kinamdaka yeyote anayekifaa. Mashuhuri kati yao ni haidroksili, oksijeni moja na haidrojeni moja, ambayo hewani huishi kama sekunde moja au pungufu. Kuipima, gesi hupitishwa taratibu kwenye chumba chenye vidirisha. Ndani huwekwa mvuke wa haidrojeni peroksaidi, ile ile dawa ya kuoshea vidonda. Leza ya kwanza, mwanga wa urujuanimno usioonekana kwa macho, wenye urefu wa wimbi wa nanomita 248, hupiga kwa nanosekunde (sehemu za bilioni za sekunde) chache tu na kuipasua peroksaidi katikati: zinatoka haidroksili mbili. Hapo ndipo saa inapobonyezwa. Leza ya pili, ya nanomita 282 hivi, hufuata baada ya muda uliopangwa. Haidroksili ikiguswa na mwanga huo hung'aa, na chombo cha pembeni kinaupima mng'ao. Unasubiri mikrosekunde (sehemu za milioni za sekunde) 10, unapima. Unarudia, unasubiri 100. Unarudia tena, 1000. Kila mara mng'ao umepungua, kwa sababu haidroksili zinamalizwa na gesi ya pili iliyomo humo. Ni msalaba wetu ule ule unaofifia! Gesi hiyo ya pili huwekwa nyingi mno kuliko radikali, ili kiasi chake kisiwe na badiliko la kuhesabika. Ukiiongeza, mng'ao unazimika upesi zaidi. Ukichora grafu ya wepesi wa kuzimika dhidi ya kiasi cha gesi, mteremko wa mstari ndio unaokupa kasi.

Na mtoto yule alikuja nalo suala hili vidoleni mwake. Mafuta ya karafuu, mbali na eujenoli iliyo nyingi kuliko vyote humo, yana kariofilini, jina lililotokana na neno la Kigiriki la karafuu yenyewe. Hewani penye ozoni (gesi ya oksijeni tatu pamoja) ya sehemu 30 kwa bilioni, kariofilini hudumu kama dakika mbili. Yaani ukipita kwenye majamvi ya karafuu, sehemu ya kile unachokinusa inavunjika kabla hujafika barabarani. Ozoni inapovunja vitu vya namna hii huacha vipande vyenye papara, alivyovielezea Mjerumani Rudolf Criegee mwishoni mwa miaka ya 1940. Kwa miaka zaidi ya 60 kasi yavyo haikupimwa moja kwa moja. Mwaka 2012 ndipo watafiti walipokitengeneza kidogo kuliko vyote kwa msaada wa leza, wakapima moja kwa moja kinavyomenyuka na dioksidi ya salfa, na kasi ikawa kubwa mno kuliko ilivyokadiriwa.

Kwa hiyo mwaka 1994 vipo ambavyo hata mabingwa walikuwa hawajavipima. Lakini neno la kumwambia mtoto lilikuwa "bado", na mimi nikamfungia mlango.

Walimu wenzangu mnaoendelea na kazi, baada ya somo la msalaba ongezeni dakika kumi za leza mbili. Ubao na chaki vinatosha. Nawe Mhariri, gazeti lako linatupa bei ya karafuu na habari za msimu. Tupe na nusu safu ya kilichomo ndani ya karafuu, kwa Kiswahili.

Na wewe mwanangu, ikiwa daftari lile bado unalo, kata neno "haupimiki". Andika: mimweko miwili, na muda ulio kati yake.

Mwalimu mstaafu,
Wete, Pemba