RCCB ikitripu, usiitoe kwenye laini

Ndugu Mhariri,

Inveta, yaani vifaa vya kudhibiti mwendo wa mota, zimeenea kwenye mashine za kusaga, pampu za visima na karakana za mbao, na zimekuja na ufundi mmoja wa hatari. Mota ikiwashwa, RCCB (swichi inayokata umeme ukivuja kwenda eathi) ya miliampea 30 inatripu, yaani inakata. Fundi anaitoa kwenye laini, au anachomoa waya wa eathi kwenye inveta. Mashine inazunguka, mwenye nayo analipa.

Kutripu huko mara nyingi si hitilafu. Vichujio vilivyo ndani ya inveta hupitisha umeme kidogo kwenda eathi muda wote, mara nyingi zaidi ya miliampea 3.5, na kebo ndefu ya mota huongeza. Chomoa eathi, na umeme huohuo utamsubiri atakayeshika ganda la mota.

Wengine hujitetea kwamba nondo ya eathi imo ardhini na breka ipo. Tupige hesabu. Nondo yako ina omu 20, ya transfoma omu 5. Fezi inayoingia ikigusa boksi la chuma la inveta, volti 230 kwa omu 25 ni ampea 9.2. Breka ya ampea 32 haitashtuka kabisa. Boksi, mota na mwili wa kinu vitakaa na volti 184, na msagaji amevaa kandambili juu ya sakafu yenye unyevu. Kinachomwokoa hapo ni RCCB, ileile iliyotolewa.

Dawa ni kuipa inveta ya fezi tatu laini yake yenye RCCB aina B, inayohisi hata umeme wa DC unaovuja, ya miliampea 300. Soketi zibaki na ya 30. Aina AC, inayohisi umeme wa AC tu, haifai, kwani umeme wa DC unaovuja huweza kuizuia isikate. Aina B ni ghali na maduka mengi hayanayo, lakini iagizwe. Kwa miliampea 300, nondo isizidi omu 166 ili ganda lisipite volti 50. Ipimwe kiangazi, udongo ukiwa mkavu, na omu ziwe chini ya hapo kwa mbali.

Waya wa eathi wa inveta uwe wa shaba usiopungua milimita za mraba 10, au ziwe nyaya mbili, kila moja na skrubu yake. Kwangua rangi ya boksi mpaka chuma king'ae kabla ya kufunga lagi (kichwa cha waya). Rangi ni kizio, na lagi iliyokazwa juu yake ni pambo. Eathi ya mota irudi ndani ya kebo yake hadi kwenye inveta. Ukichimbia nondo ya pili "kwa ajili ya elektroniki", iunganishe na ya kwanza, la sivyo hitilafu moja itaweka volti tofauti kati ya vyuma viwili vinavyofikiwa na mikono ya mtu mmoja.

Kabla ya kufungua inveta, zima umeme, funga swichi kwa kufuli, subiri dakika zilizoandikwa kwenye kibandiko, kisha pima volti za DC kati ya + na − za inveta. Kapasita (vihifadhi umeme) za inveta ya volti 400 hubeba takribani volti 565, na taa ya onyesho ikizimika si ushahidi kwamba zimeisha umeme. Ukitaka kupima mota kwa mega (kipimo cha kizio kinachotoa volti kubwa), chomoa kwanza nyaya za mota, U, V na W, kwenye inveta. Mega ikipita kwenye inveta, inaiua.

Fundi umeme wa viwandani,
Morogoro