Matibabu ni bure, nauli je?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua nichangie hili suala la mashirika ya hisani, maana kila likizungumzwa naona tunaishia palepale, wafadhili wamepunguza hela, wafadhili wameondoka, watu wanaguna halafu tunahamia kwenye mpira. Tangu Marekani wasimamishe misaada ya USAID mwanzoni mwa 2025 ndio kabisa, imekuwa wimbo. Mimi nataka niongelee kitu ambacho hakihitaji mzungu yeyote, nauli.

Nichukue CCBRT, ile hospitali ya Msasani hapa Dar ambayo wengi tunaijua kwa mambo ya macho na viungo bandia. Ni shirika la hapahapa, lilianza 1994, na kazi yake mojawapo ni kuwafanyia upasuaji kina mama wenye fistula. Kwa asiyeijua, ni mama amekaa na uchungu siku nzima au mbili, mtoto hatoki na hakuna wa kumfanyia operesheni, kichwa kinabana nyama za ndani mpaka zinakufa panabaki tundu, basi mkojo unatoka wenyewe usiku na mchana, wengine hadi haja kubwa. Mtoto mara nyingi haponi. Mume naye anaweza akaondoka, majirani wanasema karogwa. Na wengi wao wanapona wakifanyiwa upasuaji! Na pale upasuaji wa fistula ni bure.

Sasa unajiuliza, kama ni bure mbona wagonjwa walikuwa hawaji? Mama yuko Sumbawanga huko, zaidi ya kilomita 1,000 mpaka Dar, hana nauli, na hata angekuwa nayo nani anataka kukaa kwenye basi kutwa nzima anavuja na jirani yake anafungua dirisha, halafu wengi walikuwa hata hawajui kama hilo tatizo lina tiba, wanajua ndio kaandikiwa hivyo. Ndipo mwaka 2009 wakaanza kutumia M-Pesa kwa kushirikiana na Vodacom, wakati huo M-Pesa yenyewe nchini bado changa, ilikuja 2008. Wakatafuta watu wanaowaita mabalozi, anaweza akawa nesi wa zahanati, anaweza akawa mama aliyetibiwa akarudi kijijini. Balozi akimpata mgonjwa anapiga simu hospitali, nauli inatumwa kwenye simu ya balozi, anaenda kuitoa kwa wakala, anamkatia mama tiketi anampandisha basi. Mama akishafika hospitali ndio balozi naye anatumiwa cha asante. Yani asante inakuja mgonjwa akifika, sio kabla, aliyebuni hilo anatujua vizuri sana sisi wabongo. Na wagonjwa wakaongezeka kweli.

Kuna lawama huwa nazisikia, kwamba mbona hospitali ya hisani ina kliniki binafsi wenye hela wanalipia. Jamani, ile kliniki ndio sehemu ya uchangishaji wenyewe, anayelipa pale hela yake inasaidia kumbeba asiyeweza kulipa. Mimi sioni ubaya wowote, shirika linalojitafutia lina pa kushika mfadhili akiamka siku moja akabadili mawazo.

Ila nauli ina tatizo lake. Mfadhili anapenda jengo, anapenda mashine, vitu vya kubandika kibao na kukata utepe, tiketi ya basi unaibandika wapi kibao? Ndio maana nasema hiyo tuibebe sisi. Na kuchangisha tunajua, kama kuna fani tunaiweza ni kamati ya harusi. Kuna mwenyekiti, kuna mhazini, kuna ahadi, na kila jioni listi inashushwa kwenye group, fulani asante umepunguza 50,000 bado 50,000, na wewe usiyetoa jina lako liko palepale na nafasi tupu mbele yake mpaka unaona aibu unatuma. Mashirika yetu yanachangisha kwa bango la kistaarabu lenye namba ndefu ya akaunti ya benki, nani ataenda kupanga foleni benki kwa ajili ya elfu tano? Wekeni lipa namba ya nauli tu, isichanganywe na mishahara wala mafuta ya magari, halafu jioni mshushe listi, leo imeingia kiasi hiki, wamesafiri kina mama wangapi, kutoka mkoa gani. Bila majina yao na bila picha zao tafadhali, hizi picha za mama analia ili mtu atoe elfu kumi mimi zinanikera.

Najua kuna kanuni za 2018 zinazotaka shirika likipata zaidi ya milioni 20 litangaze mapato na matumizi kwenye magazeti. Ni jambo zuri, lakini zile nilizowahi kuziona ni majedwali ya kihasibu herufi kama chungu, mwananchi wa kawaida anapita anatafuta msimamo wa ligi. Listi ya jioni ingemfikia huyo.

Na makampuni ya simu nao nawaomba jambo moja. Wote tunakumbuka tozo za miamala za 2021, watu walivyopiga kelele mpaka serikali ikazipunguza, lakini makato ya kutuma na kutoa yapo siku zote. Namba ya nauli ya wagonjwa isikatwe hata senti, si kutuma wala kutoa kwa wakala kule kijijini, maana tiketi ikipungukiwa elfu mbili mama hapandi gari, anarudi nyumbani.

Na wewe Mhariri usikae pembeni. Toa kaboksi kadogo kila Jumatatu, hata kule karibu na matangazo ya vifo, tusome nauli iliyoingia wiki iliyopita na mikoa waliyotoka. Na kama kaboksi kana bei, tutajie, tuanzie mchango hapohapo.

Ni mimi msomaji wenu,
Tabata, Dar es Salaam