Jubilei za misheni zitaje makatekista kwa majina

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na kamati za jubilei za parokia zetu za vijijini, hasa zile misheni kongwe zilizokwisha kuvuka miaka mia.

Sherehe zenyewe tunazijua. Vitenge vyenye picha ya kanisa vinashonwa mapema, kwaya inakesha mazoezini, ng'ombe wanachangwa, Baba Askofu anapokelewa kwa vigelegele tangu barabarani. Sina ugomvi na hayo. Watu wa kijijini nao wana haki ya kula na kucheza siku yao. Ugomvi wangu ni na risala ya historia. Mara nyingi huanza na mapadre wa kwanza, ikateremka kwa maparoko mmoja mmoja mpaka aliyepo, ikataja masista na zahanati yao, kisha mwishoni kabisa kinatupiwa kifungu kimoja: “pamoja na makatekista wetu wote.”

Basi, hao “wote”, walimu wetu wa dini, ni akina nani?

Tuchukue Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, ambayo mwaka 2025 ilitimiza miaka 140 tangu Mapadre Weupe wakabidhiwe ngome waliyoiacha Wabelgiji. Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa shirika lao, alitaka mtu akae mafundishoni miaka minne kabla ya kubatizwa. Miaka minne! Na mapadre walikuwa wachache, lugha ndiyo kwanza wanajifunza, homa nayo haiwaachi. Aliyekaa na watu chini ya mti, akarudia nao sala na maswali ya katekisimu mpaka yakawaingia, alikuwa katekista.

Karema ina bahati kwamba mmoja wao anajulikana. Adriano Atiman alitekwa utumwani akiwa mtoto huko Afrika Magharibi, akakombolewa na wamisionari, akasomea utabibu Malta, akafika Karema mwishoni mwa miaka ya 1880. Akaoa hapohapo, akatibu watu na kufundisha dini mpaka alipofariki mwaka 1956. Mwanawe akawa padre. Lakini tunamjua Atiman kwa kuwa mapadre waliandika habari zake. Ilikuwa kanuni yao kwamba kila kituo kiwe na shajara, na shajara hizo zinatunzwa Roma. Upande wa wamisionari, kwa hiyo, hauna hatari kubwa ya kupotea. Unaopotea ni wa wale waliotembea kwa miguu kutoka kigango hadi kigango, yaani vituo vidogo vya parokia, ambao hawakuwa na wa kuwaandikia.

Kusini nako ni vilevile. Vita Kuu ya Kwanza ilipokuja, Wabenediktini wa Kijerumani waliokuwa wameanzisha misheni kama Peramiho (1898) waliwekwa kizuizini, kisha wakaondolewa nchini. Wakristo hawakutawanyika. Makatekista waliendelea kuwakusanya Jumapili, kufundisha watoto na kuzika wafu. Risala ikipita kipindi hicho kwa kusema “misheni ilikosa mapadre,” imesema ukweli, ila imeacha nusu yake.

Na bado wapo. Kigangoni kwetu kengele ni rimu ya gari iliyoning'inizwa kwenye mwembe, na anayeigonga ndiye huyo huyo atakayeongoza ibada, atakayesoma matangazo ya padre, na atakayeitwa usiku mgonjwa akizidiwa. Padre hufika akijaliwa barabara kupitika.

Sasa ninachoomba. Kila parokia ina vitabu vya ubatizo. Vile vya zamani vimeandikwa Kilatini kwa mkono, wino umegeuka kahawia: jina la mbatizwa, wazazi, msimamizi, tarehe, na pembeni mwa ukurasa nafasi ya kuongezea kipaimara na ndoa. Ukivisoma kwa subira unaona jina moja la msimamizi likijirudia ukurasa baada ya ukurasa. Mara nyingi huyo ni katekista, au mkewe. Historia tunayoitafuta imo humo, na kwingine inaliwa na mchwa ndani ya kabati la sakristia chini ya paa linalovuja. Kanuni ya 535 ya Sheria ya Kanisa inataka vitabu vya zamani vya parokia vitunzwe kwa uangalifu. Si hisani ya paroko fulani mpenda historia.

Kamati zitenge sehemu ya michango kwa kazi hiyo kabla ya kuagiza keki. Kijana mmoja mwenye simu nzuri, akisimamiwa na paroko, anaweza kupiga picha kila ukurasa, nakala ikapelekwa jimboni. Nasema akisimamiwa, kwa sababu vitabu hivyo vina siri za familia: nani alizaliwa nje ya ndoa, nani baba hakutajwa. Visije vikaishia kwenye makundi ya WhatsApp kwa jina la jubilei.

Yasiyomo vitabuni wanayo wazee. Kila jumuiya ndogondogo ipewe karatasi iulize bibi na babu zake: nani aliwafundisha, alitoka kijiji gani, kaburi lake liko wapi, na akina mama gani walibeba mawe na mchanga wa kanisa hili vichwani. Maswali hayo hayahitaji mtaalamu, yanahitaji mtu wa kukaa na kusikiliza, tena mapema, maana wazee wenyewe wanazidi kupungua.

Siku ya sherehe majina hayo yasomwe kigango kwa kigango. Najua nitaambiwa risala itakuwa ndefu. Zipunguzwe salamu za wageni rasmi. Hizo hata homilia haizishindi kwa urefu.

Muumini wa kigangoni,
Katavi