Kile kitu cha kahawia kwenye slaidi

Mpendwa Zuhura,

Salamu nyingi, na unisamehe kwa kimya changu. Sisi wazima, ila mama magoti bado yanamsumbua. Mengine tukionana, leo nina jambo moja linaloninyima usingizi.

Juzi jioni nilikuwa namalizia trei ya sampuli za shingo ya kizazi. Pembezoni mwa slaidi moja nikakuta kitu cha kahawia, umbo la rungu, kimegawanywa vyumba kwa kuta za kusimama na za kulala. Rangi ya Papanicolaou, ile tunayopakia seli zionekane, haikukigusa. Ule ukahawia ni wake mwenyewe. Mwenzangu akachungulia, akasema: "Fangasi hao, andika Kandida tuendelee."

Nikakataa. Kandida tunaijua, nyuzi zake hutunga seli kama shanga, na pembeni utaona vichipukizi. Nikazungusha skrubu ya hadubini taratibu, kama mwalimu wetu Bi Rukia alivyotugombeza miaka ile. Seli zikionekana wazi, kitu kile kinafifia. Kikionekana wazi chenyewe, seli zinapotea. Yaani kimelala juu ya seli, hakimo kati ya seli. Chembe nyeupe za damu nazo hazikukizunguka. Kwangu mimi hiyo ni Alternaria, ukungu wa hewani tu, umetua kwenye slaidi. Kwa nini mgonjwa atibiwe ugonjwa wa vumbi letu?

Lakini tukizoea kusema "uchafu tu", Zuhura, je, ile glabrata, aina nyingine ya Kandida? Vile vichembe vidogo vya mviringo, havina nyuzi, ukipitisha jicho haraka unaviona takataka. Na flukonazoli, dawa ya fangasi, mara nyingi haiiwezi vizuri. Nimerudia slaidi zote za wiki hii kwa sababu yake. Macho yananiuma, ila sijutii.

Nirudi kwenye ile ya kahawia. Nimeiwekea alama ya wino na sijatia sahihi majibu. Nakuomba uitazame kabla sijaandika chochote, maana mimi nimeiangalia mno.

Je, wewe umewahi kukutana nayo? Mlipoikuta mliandika nini, au mliiacha bila kuitaja? Mnachuja rangi zenu kila siku? Kama ningeona nyuzi zenye vyumba zinazogawanyika kama uma, ungeomba sampuli mpya ioteshwe? Na Hamisi yuko bado kwenu, au ameshahama? Ijumaa utakuwepo?

Wako,
Mwanaidi