Nimeshika cheti, hisa ziko London

Mhariri, naomba kanafasi kwenye ukurasa wa barua, maana hili jambo nimelieleza WhatsApp hadi vidole vinauma. Tangu 2024 mdogo wangu aliyeko Dar ananiambia nimepigwa. Aliona hisa ya Vodafone, ile kampuni ya simu ya Uingereza, inauzwa soko la London chini ya pauni moja, halafu mimi huku Houston nimenunua karibu dola 9 kila moja. Kaka umeliwa, akaniandikia, na vikatuni vya kulia juu.

Kwanza niseme kwa nini Vodafone. Sababu yenyewe ya kijinga tu, ndiyo inamiliki sehemu kubwa ya Vodacom ya Afrika Kusini, na Vodacom hiyo ndiyo mama wa hii yetu ya Tanzania iliyoingia soko la hisa Dar mwaka 2017. Kila mwezi namtumia mama hela, anatoa kwa wakala wa Vodacom, makato yanaenda, nikasema basi na mimi nile kidogo kwenye hayo makato.

Sasa turudi kwenye bei. Mimi sikununua hisa yenyewe, nilinunua cheti, huku wanaita ADR. Watu wa kwetu Masasi watanielewa haraka, ni kama stakabadhi ghalani, korosho imelala ghalani na wewe umeshika karatasi. Benki fulani ya Marekani inachukua hisa zenyewe zinakaa kwa mtunzaji London, halafu inatoa vyeti vinavyouzwa Nasdaq, soko la hisa la New York, kwa dola kama hisa nyingine yoyote, huhitaji akaunti Uingereza wala kuhangaika na pauni. Na cheti kimoja cha Vodafone kinabeba hisa 10. Zidisha bei ya London mara kumi, geuza dola, uniambie wizi uko wapi. Kila kampuni na kipimo chake, Alibaba cheti kimoja ni hisa 8, na AngloGold Ashanti, wale wa dhahabu, pale soko la Accra iko kinyume kabisa, vyeti 100 ndiyo hisa moja. Huu mchezo si mpya, Wamarekani wanaucheza tangu 1927, walianza na duka la Selfridges la London.

Ila kuna mahali nilipigwa kweli na hapo mdogo wangu hakupaona. Nina vyeti 200 vya kampuni nyingine ya Ulaya, gawio, yaani mgao wa faida, lilipoingia nikakuta dola 4 hazipo. Nikampigia broka, nikasikiliza muziki nusu saa, yule dada akaniambia ni ada ya benki iliyotoa vyeti, senti 2 kwa kila cheti, iko kwenye masharti uliyosaini. Sawa nilisaini, nani anasoma kurasa 60? Bado kodi ya nchi ya kampuni. Uswisi wanakata asilimia 35 ya gawio, na sisi wa Marekani kwa mkataba tunatakiwa tukatwe 15, ila hiyo tofauti uidai mwenyewe kwa fomu na broka anataka hela ya kukujazia.

Na kuna siku ghala linafungwa. Vita vya Ukraine vilipoanza Februari 2022 masoko ya New York yalisimamisha vyeti vya kampuni za Urusi, Aprili Urusi nayo ikatunga sheria kampuni zake zifute hiyo mipango ya vyeti, watu wakabaki wanaangalia namba kwenye simu ambayo haisogei wala haiuziki.

Kwa hiyo mhariri, ombi langu dogo tu. Ukurasa wenu wa biashara mkiandika bei ya kampuni ya nje inayouzwa New York, wekeni hata kwa herufi ndogo kwamba ni cheti na kinabeba hisa ngapi. Mtaniokoa, maana jana mdogo wangu kaanza upya, safari hii kaiona Toyota, na hiyo nayo ni kumi kwa moja.

Msomaji wenu, Mmasasi wa Houston