Andika saa, mwanangu

Mwanangu,

Habari ya Kampala nimeipata kwa shangazi yako, si kwako. Haya. Nafasi ya mafunzo kwenye taasisi ya saratani iliyoanza mwaka 1967 si ya kuokota, hata muuza mkaa nimeshamwambia. Yale maneno kwamba utafiti ni kazi ya watoto wa wenye hela, sijui nani aliyasema humu ndani, tuyaache.

Ninalokuomba ni moja: andika saa. Kinyama cha kupimwa kikitoka kwa mgonjwa, andika kimetoka saa ngapi, kimeingia saa ngapi kwenye fomalini, ile dawa ya kuzuia nyama isioze. Hapo katikati isizidi saa moja. Na uandike 14:20. Ukiandika 8:20, mmoja atasoma saa nane mchana, mwingine asubuhi ya Kizungu, na hizo ni saa 6 zimepotea. Saa 6 ndiyo muda wa chini wa nyama ya titi kukaa kwenye fomalini. Wa juu ni 72. Aliyepasuliwa Alhamisi mchana kabla ya Pasaka, nyama yake ikangoja Jumanne, muda umeshapita.

Ndoo ya fomalini utakayoikuta usiiamini. Lita moja ni mililita 100 za fomaldehaidi kali, ile ya 37–40%, maji 900, na fosfeti mbili za sodiamu, gramu 4 za ile yenye asidi na 6.5 za mwenzake. Wakiziruka, slaidi, kile kioo cha darubini, inatoka na vumbi la kahawia na DNA inakatikakatika, halafu mnalaumu mashine. Fomalini iwe mara 10 ya ujazo wa nyama. Titi zima likatwe vipande visivyozidi sentimita 1, la sivyo nje kunaiva, ndani kunaoza.

Nyama iliyoharibika inaweza kutoa hasi kwenye kipimo cha vipokezi vya estrojeni, kile cha kuona kama saratani inalishwa na homoni hiyo. Mama wa watu anakosa tamoksifeni, kidonge cha bei nafuu cha kuizuia, na mtafiti anaandika kwamba saratani za wanawake wetu ndivyo zilivyo. Nyingine kweli ndivyo zilivyo, sikatai. Ila anayejua kwamba mbeba sampuli haji wikiendi ndiye atakayeuliza kwanza habari ya ndoo. Hapo ndipo mnapohitajika ninyi wa huku, si kwenye picha ya pamoja. Kwa hiyo saa, mwanangu. Wewe mwenyewe, kwa kalamu isiyofutika.

Mwaka 1963 uvimbe wa mtoto wa Uganda ulipandishwa ndege kwenda London, na 1964 watafiti Epstein, Achong na Barr wakatangaza virusi walivyovikuta humo. Vikaitwa Epstein-Barr. Achong wa Trinidad hayumo. Mtoto ndiyo usiulize. Sampuli ikisafiri, jina lako liwe kwenye makubaliano kabla ya ndege kuruka, na mgonjwa awe ameelezwa kwa lugha anayoiota. Wewe una haraka ya kuongea, hilo nalijua.

Kadi ya homa ya manjano iko kwenye bahasha ya kaki, iweke juu, Mutukula wataiuliza. Senene ziko kwenye kopo la bluu. Luku imebaki uniti nne na bati la jikoni linavuja, fundi anataka hela kwanza. Posho ya kwanza usinitumie. Nunua viatu vya kufunika vidole, maabara hawaingii na ndala.

Mama yako